Kula Bata kwa Pesa ya Bumu: Namna Mwanafunzi Anavyoweza Kuufaidi Usiku wa Dar es Salaam

Mwanafunzi anayepanga mtoko wa usiku jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanza na kiingilio, akaja kwenye vinywaji, akafikiria chakula, na nauli ya kurudi akaiweka mwisho kabisa, kwa imani kwamba mbele ya safari kitapatikana cha kufanya. Mimi nami nilihesabu hivyo nilipokuwa mwaka wa kwanza, nikikaa hosteli za Mabibo, mpaka usiku mmoja niliposimama nje ya ukumbi mmoja huko Masaki saa nane na nusu, mfukoni nikiwa na shilingi 1,500 na simu ikiwa na chaji ya kunionesha saa tu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa pale alinitazama viatu kwanza, ndipo akanitajia bei, na bei ile ilikuwa ya viatu, haikuwa ya safari. Nilitembea mpaka kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa na taa, mlinzi akanipa kipande cha boksi nikalie, na hapo nikasubiri daladala za alfajiri huku nikiuhesabu upya usiku wote kuanzia mwisho kuja mwanzo. Maelezo yanayofuata yametokana na hesabu ile.

Kanuni yangu tangu hapo ni kwamba usiku hupangwa kuanzia kitandani. Kabla hujauliza bendi ipi inapiga wapi, jiulize utalala wapi, utafikaje huko, na chombo cha kukufikisha kitakutoza kiasi gani saa hiyo utakayotoka, kwa sababu bodaboda ya saa mbili usiku na bodaboda ya saa nane usiku ni vyombo viwili tofauti, ingawa dereva anaweza kuwa yule yule. Ukishapata jibu, tenga fedha hiyo kwa noti, uikunje, uiweke mahali ambapo mkono wako hauendi wenyewe, kama vile ndani ya soksi au kwenye kijimfuko cha ndani cha suruali. Wengi huificha nyuma ya kava la simu, nami siwashauri, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuibiwa usiku na itaondoka pamoja na nauli yake. Kuiacha kwenye akaunti ya simu nako kuna kasoro zake: chaji ikiisha huna fedha, na isipoisha, mtu aliyekwisha kuchangamka saa saba usiku huwanunulia watu soda na bia kwa nauli yake mwenyewe bila kujua. Ikiwa umejiunga na huduma ya mikopo ya papo kwa papo, ile inayokukamilishia malipo salio linapopungua, jiondoe kabla ya kutoka, kwa kuwa deni lake hukatwa pindi tu mzazi anapokutumia hela ya matumizi, na si kila mzazi anayetaka kusikia imekwenda wapi.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri mtu akiupima mtoko kwa kipimo cha bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Katika mwaka wa masomo wa 2022/2023, posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Kwa kipimo hicho usiku wa shilingi 20,000 ni siku mbili za kula na kulala, na usiku wa shilingi 60,000, ambao katika kumbi za ghali humalizika kabla ya saa sita, ni karibu wiki nzima ya kupiga pasi ndefu, yaani kushinda na mlo mmoja kwa siku. Sisemi hivyo ili kumkataza mtu asitoke. Nasema ili ajue anachokibadilisha na nini. Tuseme mko watatu, kila mmoja ana shilingi 20,000, na bajaji ya kuwarudisha inadai 9,000. Bajaji hubeba abiria watatu, kwa hiyo kila mtu anatoa 3,000 na kuiweka kwenye soksi, na mtoko wenu halisi sasa ni wa shilingi 17,000. Hapo ndipo mazungumzo ya wapi pa kwenda yanapoanza, na mtaona kwamba namba tatu ndiyo namba bora ya kundi. Wawili hulipia kiti kitupu, na wanne hulazimika kugawanyika kwenye vyombo viwili.

Uamuzi mkubwa unaofuata ni wa mahali, na hapa kosa la wengi ni kudhani kwamba usiku wa Dar es Salaam uko Masaki na Msasani. Upo huko pia, lakini unapolipa kinywaji Masaki unalipia na kodi ya jengo, bustani, taa na upepo wa bahari, na chupa ile ile uliyoiacha Sinza unaweza kuikuta imepanda mara mbili au zaidi. Anayesoma Mlimani, Ardhi au Chuo cha Maji ana bahati ya kuzungukwa na Sinza, Mwenge, Kijitonyama na Ubungo, sehemu ambazo baa, vibanda vya chipsi na kumbi za muziki zimesongamana kiasi kwamba mtu anaweza kubadilisha mahali mara tatu kwa miguu bila kugusa nauli. Vituo vya Sinza vyenyewe vina majina yanayofaa shughuli: Afrika Sana, Mori, Kijiweni, na kimoja kinaitwa Kumekucha, ambapo nimeshuka mara kadhaa kukiwa kumekucha kweli. Wa Muhimbili na wa vyuo vya Posta wana Kariakoo na Ilala. Wa Chang'ombe wana Temeke yote. Walioko Kigamboni wanapaswa kuichukulia pantoni kama sehemu ya starehe, kwa sababu kwa shilingi 200 unavuka maji usiku huku taa za jiji zikikutazama, jambo ambalo watalii hulilipia fedha nyingi katika miji mingine.

Baada ya mahali huja saa. Kumbi nyingi zinazotoza kiingilio huweka meza mlangoni kuanzia saa tatu au saa nne, na anayefika saa mbili hukuta mlango mtupu, akachagua kiti kizuri, akaagiza soda yake, na meza ikija kuwekwa yeye yuko ndani. Hili halina udanganyifu wowote, mwenye ukumbi mwenyewe anapenda kuona viti vina watu mapema. Siku nazo zinatofautiana sana. Ijumaa na Jumamosi ni za wafanyakazi, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni ya wafanyakazi wenye mshahara mpya, ambao mwanafunzi hawezi kushindana nao wala hana sababu ya kujaribu. Katikati ya wiki kumbi hutafuta wateja, ndiyo maana nyingi huweka usiku wa akina dada bila kiingilio, au kupunguza bei kwa saa za mwanzo. Kwa maoni yangu Jumapili jioni ndiyo yenye faida kuliko zote: muziki huanza mchana, watu wamepumzika, na shughuli huisha mapema kwa kuwa kila mtu ana Jumatatu, hivyo daladala bado zipo unapotoka.

Kuhusu chakula sina maneno mengi, ila moja silegezi: kula kabla ya kuingia. Sahani ya chipsi mayai, lile zege lenye kachumbari na pilipili linalokaangwa kwenye kikaango cheusi pembeni ya barabara, pamoja na mishikaki miwili, hukushibisha kwa fedha ambayo ndani ya ukumbi ingekupa bakuli la karanga. Anayekunywa ana sababu ya pili, kwa maana pombe kwenye tumbo tupu humlewesha mtu haraka, na mlevi ni mteja mbaya wa bodaboda. Kama kundi lenu linakula kitimoto, nunueni nusu kilo kwa pamoja na ndizi zake badala ya kila mtu kuagiza sahani, na mhakikishe nyama inapimwa mbele yenu ikiwa mbichi, si baada ya kukaangwa.

Sasa nije kwenye starehe zenyewe, nikianza na zile za bure. Ufukwe wa Coco hauna kiingilio, na jioni ya Jumapili hujaa familia, wapenzi, wapiga picha na vijana wanaocheza mpira kwenye mchanga mpaka mpira wenyewe hauonekani tena. Kinacholiwa pale ni mihogo. Ya kuchoma hupasuliwa katikati ikiwa bado inafuka moshi, ikapakwa chumvi, pilipili na ndimu, na ya kukaanga hutolewa na kachumbari. Muuzaji akikuuliza kama pilipili iwe nyingi, jibu kwa uangalifu. Kutoka hapo unaweza kutembea hadi Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo juu ya maji, na watu wengi hulifuata jioni kwa ajili ya taa na upepo tu. Mtoko wa namna hii, kwa mtu anayejua kuzungumza na mwenzake, unaweza kuishia kwenye shilingi 5,000 pamoja na nauli ya daladala, mradi muondoke ufukweni kabla watu hawajapungua, kwa sababu mchanga wenye giza na watu wachache ni mahali pa kuporwa.

Ukitaka muziki, ushauri wangu wa kwanza utawashangaza wengi wa umri wangu na walio chini yangu: nenda kwenye muziki wa dansi. Bendi ya Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, ambayo watu huiita Sikinde, ilianza mwaka 1978; majina yote mawili, Msondo na Sikinde, yametoka kwenye ngoma za Pwani, na mashabiki wake wametaniana kwa miongo mingi kama wanavyotaniana wa Simba na Yanga. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwenye zote mbili. Kwa mwanafunzi, faida ya kumbi za namna hii ni kwamba kiingilio chake ni kidogo ukilinganisha na shoo za wasanii wanaovuma, na pengine hakipo kabisa, viti ni vya plastiki, wahudhuriaji ni watu wazima waliokuja kucheza, na hakuna anayekutazama nembo ya fulana. Bendi hupiga saa nyingi mfululizo, ilhali msanii wa shoo kubwa anaweza kupanda jukwaani saa nane usiku, akaimba nyimbo sita juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, akashuka.

Inafaa mgeni ajue wimbo wa dansi unavyokwenda ili asiibiwe utamu wake. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, yenye hadithi, na waimbaji hupokezana beti huku gitaa likijibu chini chini. Hapo watu wengi hubaki vitini, wakisikiliza maneno, na anayetaka kunywa hunywa. Kisha ngoma hubadilika ghafla, gitaa la solo linapanda, tarumbeta zinaingia, na hiyo ndiyo chemko. Utaona wazee waliokuwa wameegemea wanainuka mmoja mmoja, wakiacha miwani mezani, wakaingia uwanjani kwa mwendo usio na haraka hata kidogo. Ingia nao. Hakuna atakayekucheka kwa kukosea hatua, na mara nyingi mama mmoja atakushika mkono akuelekeze, akikuita mwanangu. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi wa namna hii kuanzia saa mbili hadi saa saba kwa soda mbili na chupa moja ya maji, na mhudumu hakuninunia, kwa sababu nilimpa shilingi 500 yake mwanzoni nikamwambia wazi kwamba mimi ni mwanafunzi. Ratiba za bendi hubadilika, kwa hiyo tazama mabango ya barabarani au kurasa zao za mitandao wiki hiyo hiyo, usitegemee habari za mwaka jana.

Taarab ni jambo jingine, na mwanafunzi anapaswa kuiendea akiwa na akili timamu ya fedha. Ukumbi wa Travertine pale Magomeni ulijulikana kwa miaka mingi kwa taarab ya kisasa, na kumbi nyingine za uswahilini nazo huandaa usiku wake, hasa baada ya Ramadhani. Kiingilio huweza kuwa nafuu, lakini mle ndani kuna desturi ya kutunza: mtu anainuka kutoka kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa kucheza, noti ikipepea juu ya kichwa, anamkabidhi mwimbaji au kumbandika kwenye paji la uso, kisha anarudi vile vile bila haraka. Kutunza hakulazimishwi, ila kukaa mbele kabisa na kutotunza usiku mzima kunakuweka machoni mwa watu, hivyo kaa safu za kati, na ukipenda kushiriki vunja fedha yako, tuseme shilingi 3,000, iwe noti za 1,000 kabla hujaingia. Kuna jambo kubwa zaidi ya fedha, nalo ni maneno. Nyimbo za mipasho zina watu wake, na kuinuka kutunza katikati ya ubeti fulani huweza kutafsiriwa kuwa umemtumia kijembe dada wa meza ya tatu ambaye hata humjui. Mgeni na asubiri wimbo wa mapenzi ya heri ndipo ainuke.

Wasiopenda kelele za baa, au wanaotaka kusikia muziki mpya na kuona sanaa, wana Alliance Française pale Upanga, Goethe-Institut, na Nafasi Art Space ya Mikocheni, ambako huandaliwa matamasha, filamu na maonesho yenye kiingilio kidogo au bila kiingilio. Hapo utakutana na wageni wengi na vinywaji vya bei ya wageni, kwa hiyo nenda umekunywa maji yako. Shughuli hizo nyingi huisha mapema kuliko za baa, na hilo peke yake ni punguzo la nauli.

Mpira nao ni starehe ya usiku, ingawa wanaoandika juu ya starehe husahau. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki huonekana kwetu saa nne au saa tano usiku kutegemea majira, na kibanda umiza hukutoza sehemu ndogo sana ya gharama ya soda ya hotelini ili uzitazame ukiwa umebanwa kwenye benchi kati ya fundi magari na mwalimu. Jina kibanda umiza si la utani: joto lipo, benchi halina egemeo, na umeme ukikatika dakika ya 88 hakuna wa kumlaumu. Hata hivyo sijaona ukumbi wenye televisheni kubwa na viti vya ngozi unaoweza kutoa kelele ile ya goli. Kwa mechi za nyumbani, Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye uwezo wa kuchukua watu 60,000, huwa na tiketi za mzunguko ambazo ndizo za bei ya chini kuliko zote. Mechi za usiku za Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika ni sherehe kamili kwa bei hiyo. Tatizo ni kutoka: maelfu ya watu hutafuta chombo dakika moja, na bei hupanda palepale getini. Tembea kwanza dakika ishirini ukifuata umati kuelekea barabara kubwa, ndipo utafute usafiri.

Kuna na usiku wa singeli, muziki uliozaliwa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani kutokana na mchiriku, wenye kasi ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika. Kwenye tamasha lililopangwa ni furaha tupu, na viatu vya raba ndivyo vinavyofaa. Vigodoro vya mtaani, zile ngoma za kukesha zinazofungamana na harusi na unyago, havina kiingilio, lakini havimfai asiye na mwenyeji. Mamlaka zimekuwa zikivikataza mara kwa mara, vurugu hutokea, na polisi wakifika hawaulizi kitambulisho cha chuo. Nenda tu ukiwa umealikwa na mtu wa mtaa huo, simu nzuri ukiwa umeiacha nyumbani.

Kwa wanaokunywa, na sheria inataka uwe umetimiza miaka 18, fedha nyingi haziishii kwenye bei ya chupa ila kwenye hesabu ya bili. Katika baa moja ya Kinondoni tuliwahi kuletewa bili yenye chupa tatu ambazo hakuna aliyezikumbuka, na hatukuwa na ushahidi wowote kwa sababu mhudumu alikuwa amekwisha kuondoa chupa tupu mezani mara mbili. Tulilipa. Tangu siku hiyo chupa tupu hubaki mezani kwetu mpaka bili ije, zikiwa zimepangwa pembeni kama mashahidi, au tunalipa kila tunapoagiza. Namna ya pili ni bora kwa mwanafunzi, maana unaona noti zinavyopungua. Kuzungushana raundi, yaani kila mtu kununulia meza nzima kwa zamu, ni desturi ya watu wenye mshahara: mnywaji wa polepole humlipia mnywaji wa haraka, na wa mwisho kwenye zamu hulazimika kununua hata kama kila mtu ametosheka. Kila mtu na anunue chake, na jambo hilo lisemwe kabla ya kukaa.

Tamaa ya kunywa kwa bei ya kutupa ndiyo hatari kubwa zaidi. Viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo ipo, na pombe kali bandia katika chupa za kampuni zinazojulikana zipo pia, na zilizochanganywa na methanoli hupofusha na kuua. Chupa ya pombe kali inapaswa kuwa na stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato, ambayo unaweza kuihakiki kwa programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu. Mzinga unaouzwa nusu ya bei ya dukani bila stempu uache hapo hapo kwenye rafu.

Kwa wasichana, na kwa wavulana pia ingawa huambiwa mara chache, gharama huweza kuja kwa sura ya ukarimu. Mzee wa meza ya jirani anayetuma mhudumu awaletee bia hajafanya kosa, lakini kinywaji kisichofunguliwa mbele yako kirudishwe kwa adabu, kwa maneno mepesi kama "shikamoo mzee, tunashukuru, tumetosheka." Shikamoo katika mazingira hayo hufanya kazi kubwa kuliko hotuba, kwa sababu humkumbusha anayeamkiwa kuwa wewe ni wa umri wa binti yake. Glasi uliyoiacha mezani ukaenda msalani ihesabu kuwa imemwagika. Mliotoka pamoja mrudi pamoja, na kama mmoja amepata sababu ya kubaki, awaoneshe anabaki na nani na wapi. Ukipanda chombo kilichoitwa kwa programu, linganisha namba ya usajili na ile iliyo kwenye simu kabla hujakaa, kisha mtumie mwenzako taarifa za safari. Ukichukua bodaboda ya kijiweni, pendelea kijiwe chenye taa na madereva wengi wanaofahamiana, patana bei kabla ya kupanda, na udai kofia ngumu. Dereva mwenye harufu ya pombe muache, hata kama bei yake ni nusu.

Umebaki uamuzi wa saa ya kurudi. Daladala na mwendokasi hupungua kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo ipo saa moja, ambayo kwa njia nyingi huwa kati ya saa nne na saa tano, ambapo unachagua: uondoke sasa kwa nauli ya kawaida, au ubaki na kulipa bei ya usiku. Usiku wa manane ndio wakati mbaya kuliko wote wa kutoka, kwani usafiri wa umma haupo na wenye vyombo wanajua haupo. Waliojipanga vizuri hutoka mapema au hukesha moja kwa moja mpaka saa kumi na moja alfajiri, wakamalizia kwenye supu ya Mwenge au Ubungo, yenye ndimu, pilipili na chapati moja ya kuchovya, wakiwa pamoja na madereva, walinzi waliotoka zamu na wauza magazeti. Ile noti ya kwenye soksi ivunje hapo kwenye supu kabla hujapanda, kwa sababu konda wa daladala ya kwanza hana chenji, na ukimpa noti ya 10,000 saa hiyo atakurudishia baada ya kituo chako kupita.